Siku koko wangu alipovaa toge ya Maître

Chekeni kwanza mmalize, halafu mnisikilize, maana mji mzima wa Baraka ulishacheka na nyinyi hamtaniongezea aibu yoyote. Mimi Amisi, mwanafunzi wa sheria, mtoto wa familia inayoheshimika pale kando ya ziwa, niliingia matangani, upande wa wanawake, nikamwambia koko wangu avue nguo. Ndiyo, koko, mama mzazi wa baba yangu. Mbele ya watu. Na nilikuwa na sababu nzuri kabisa, ila hakuna aliyetaka kuisikia, na hata leo hakuna.

Nilikuwa kwenye staji. Chuoni kwetu humalizi mwaka bila kukaa majuma kadhaa kwa wakili, naye ndiye anakupa pointi, kwa hiyo nikapata nafasi kwa Maître Wilondja, bureau yake ya kazi iko nyuma ya soko, mtu mrefu, msafi, asiyependa kuchelewa wala nguo yenye mikunjo. Nilidhani nitaandika hoja za kesi. Wapi! Nilibeba viti, nilifagia, na nilijifunza kuwaambia wateja "Maître yuko njiani" huku namsikia anakoroma chumba cha pili. Nilichoka na ile kazi, nilichoka kabisa, na nadhani ndiyo maana kichwa changu kilifanya kilichofanya.

Basi majaji wakaja. Walitoka mbali, wakafungua audiansi, yaani vikao vya kesi, katika ukumbi wa mjini, na baflo, vile vipaza sauti vikubwa, zikawekwa nje ili walioko uani wasikie, na mnajua watu wetu, walijaa kama vile ni mpira. Maître alikuwa na kesi moja aliyoibeba moyoni, ya Mama Atosha wa Swima, mjane, ambaye shemeji yake alitia kufuli kwenye nyumba yake hata matanga ya marehemu hayajaondolewa, na tangu hapo analala na watoto jikoni kwa dada yake. Kesi ilipangwa siku ya mwisho. Kesho yake majaji wanaondoka, na hakuna aliyejua watarudi lini.

Jioni ya kuamkia siku ile Maître akanipa toge yake, lile joho jeusi la mawakili, na kile kitambaa cheupe cha shingoni kimefungwa kwa kifungo.

"Amisi, piga pasi. Makaa iko hapa, meza iko hapa. Usiende nayo fasi yoyote."

Mimi nikaenda nayo nyumbani. (Msiniulize kwa nini, nitawaambia mwenyewe.) Nilitaka majirani waione. Niliitandaza mkononi, bila mfuko, nikapita barabara kubwa polepole wakati njia fupi ninaijua, na vijana wa kwenye moto, hizi pikipiki za abiria, waliposema "Eeeh, Maître!" sikuwasahihisha. Nyumbani koko aliipapasa, kwa sababu macho yake yana ukungu, akasema, "Nguo muzuri. Inafanana na yangu." Nikacheka! Nikaipiga pasi ikanyooka, nikaitundika chumbani kwa koko, chumba pekee kisichoingia watoto wenye mikono ya uji, kwenye msumari uleule anaotundika buibui lake. Jeusi juu ya jeusi. (Najua. Najua! Msinitazame hivyo.)

Alfajiri ikaja habari kwamba mkwe wetu amefariki. Koko hakutaka kuwasha taa atuamshe, akachukua kitu cheusi msumarini, akavaa, akaenda. Mimi nikaamka nimechelewa, nikachukua kitu cheusi msumarini, nikakikunja, nikakitia mfukoni, nikakimbia.

Ukumbini kesi ilikuwa inaitwa. Maître akanyoosha mkono nyuma bila kunitazama, nikampa, akatia mkono wa kwanza, akatia wa pili, na mikono ile ikaishia kwenye viwiko, maana koko wangu ni mfupi. Halafu shanga za kwenye mikono zikaanza kumetameta. Alisimama mbele ya majaji, Maître Wilondja mzima, ndani ya buibui. Ukumbi ukalipuka, na wa nje ambao hawakuona kitu wakacheka pia kwa sababu baflo ziliwapelekea kicheko.

Wakili wa shemeji akainuka. "Bwana Prezida, mwenzangu amependeza, lakini bila toge hawezi kusema. Naomba kesi iahirishwe."

Hiyo ndiyo sheria. Na toge ya pili mle ndani ilikuwa ya huyo huyo anayecheka, nani angeiazima? Prezida, mkubwa wa wale majaji, akamtazama Maître, akamtazama Mama Atosha, akasema, "Kesi hii nitaiita ya mwisho. Toge isipokuwepo, tunafunga."

Maître alinigeukia, akalivua buibui mkono mmoja mmoja, akaliweka kwenye kiti chake. Mama Atosha ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, "Mutoto yangu, kimbia."

Nikakimbia. Na kwa akili yangu hii ya chuo nikaliacha buibui pale pale kwenye kiti cha Maître. Mngeniambia mimi ni mjinga, lakini hakukuwa na wa kuniambia.

Matanga yalikuwa upande wa bandarini, nikachukua moto. Wanaume nje kwenye viti, wanawake ndani kwenye mikeka, na kijana haingii kule ndani hata kama nyumba inawaka. Nikamtuma msichana mmoja: mwambie koko Zaina avue ile nguo, ninaihitaji. Akarudi. "Amesema huyo aliyenituma ana homa." Nikamtuma tena, msichana akakataa kurudi. Nikavua viatu, nikaingia.

Koko alikuwa katikati ya wakwe, amekaa wima ndani ya toge iliyopigwa pasi na mimi, na niseme kweli, ilimpendeza. Kile kitambaa cheupe cha shingoni alikuwa anafutia machozi. Mama mmoja alikuwa anamshika mkono wa nguo: "Hii buibui njo ya Dubai, bananiambia."

"Koko," nikasema, "samahani, toa hiyo nguo."

Vilio vilikatika. Hata mfiwa aligeuka kunitazama.

"Weye Amisi, unasema nini?"

"Nguo ya Maître hiyo, koko. Ya tribunali. Yako iko kule. Itoe haraka, tafazali."

"Miye niko na kikwembe moja ya zamani ndani, imetoboka. Nitoe nguo mbele ya bakwe yangu? Ku kilio? Mutoto huyu banamuloga!"

Mbele ya wakwe, na mnajua kwetu mbele ya wakwe hata kisigino unaficha. Shangazi yangu akaanza kunisukuma, bibi mmoja akanipiga na sandali mgongoni, mwingine akaita wanaume waje wanitoe, na mimi, huku natolewa kinyumenyume, nikapiga kelele kwa uchungu tu, "Basi mujane wa batu alale inje! Shemeji yake alifunga nyumba na kufuli, hata matanga haijaisha, leo njo siku ya mwisho, na miye njo nimemuharibia!"

Koko akainua mkono. Naye alifiwa na mume akiwa kijana, lakini habari za wakati ule hazisemi.

"Matanga ilikuwa haijaisha?"

"Ndiyo, koko."

"Basi twende. Nitaitoa huko, nikiona yangu kwa macho."

Tukapanda moto, koko amekaa upande, toge inapepea, na barabara nzima wanamsalimia, "Maître! Maître!" naye anawainulia mkono. Mimi nilikuwa nyuma yake nimeshika viatu vyangu.

Tulifika kesi imeshaitwa. Polisi wa mlangoni aliona toge, akapiga saluti, akafungua njia. Waliokaa karibu na mlango wakasimama, wa mbele yao wakasimama, ukumbi mzima ukasimama, hata yule wakili wa shemeji aliinuka nusu.

"Salamu aleikum," koko akasema. "Mukae."

Wakakaa! Akaenda moja kwa moja hadi mbele, kwenye mikro, akauliza, na baflo zikamfikisha hadi sokoni: "Nani hapa alifunga nyumba ya mujane mbele ya matanga kuisha?"

Kila mtu akamgeukia shemeji, naye akaangalia viatu vyake. Prezida akagonga meza. "Mama, weye ni nani?"

"Miye ni mwenye buibui."

Hapo hata majaji walificha nyuso. Bamama wakazungusha vikwembe vyao kama pazia katika chumba cha karani, nguo zikabadilishwa, na Maître akasimama na toge yenye harufu ya udi, iliyokunjamana kwa kukaliwa, na kitambaa cha shingoni kimelowa machozi ya koko wangu. Lakini alisema! Alisema mpaka wa nje wakanyamaza. Asubuhi yake, kabla majaji hawajapanda gari, uamuzi ukasomwa: kufuli litolewe.

Maître hakunifukuza. Alinipa pointi za kupita, si moja zaidi, akaniambia, "Droit, hii sheria, utajifunza, Amisi. Pasi, hapana." Na mimi nimeapa: nguo ya mtu nikipewa nitaipigia pasi pale pale nilipopewa, hata kama pana moto.

Ila kinachoniudhi ni hiki. Juma lililofuata Mama Atosha alikuja bureau na mikebuka, samaki wa ziwa letu, kwenye beseni, amevaa vizuri, ufunguo wa nyumba unaning'inia shingoni, akaniuliza kama Maître yupo. Nikamwambia Maître amekwenda Fizi, arudi kesho.

"Hapana ule," akasema. "Maître koko yako."

Nimesoma sheria miaka yote hii, nimekariri vitabu mpaka macho yakawasha, na jina hilo sijalipata bado. Nikambebea beseni, nikampeleka nyumbani.