Sitini na Nane kwa Mia

Binti yangu Gracieuse ana miaka ishirini na sita, na hajui kukaa bure. Tulipokimbia vita kule Djugu alibeba shuka moja na simu iliyopasuka kioo. Kwa simu hiyo, hapa Bunia, alijifunza kompyuta kutoka kwa watu asiowahi kuwaona. Akikasirika hasemi neno, anafagia. Nikimkuta anafagia uwanja mara mbili, najua kuna jambo.

Kituo cha afya cha mtaa wetu kilimjaribu mwezi mmoja aandike chanjo za watoto. Kompyuta yao ilikuwa kuukuu, imejaa virusi. Papa Laurent, muuguzi mkuu, alimwambia mbele yangu: "Ijumaa saa sita, rejista ya chanjo ifunguke mu hii mashini. Ikikataa, tutarudilia makaratasi, na kazi ya makaratasi iko na mwenyewe tayari, haitakuwa yako."

Ijumaa ilipofika nikamfuata.

"Mama, unakuya tena kama polisi?"

"Nimekuletea chakula."

"Chakula saa tatu ya asubui?"

Mawingu yalikuwa mazito, jua halikutosha kwa sola, kwa hiyo waliwasha jenereta. Gracieuse alifungua ukurasa mweusi, akaandika mstari mmoja tu wa kuweka programu ya rejista, na maneno yakaanza kukimbia kwenda juu.

"Porogramu iko mu mapaketi mingi," akanieleza. "Mashini inayapanga moja moja. Ona huku chini: sasa ni kumi kwa mia. Namba ikifika mia, imeisha. Na hii dirisha ingine ni kaye yake, daftari. Kila kitu inafanya, inaandika humu."

Mlinzi akaja kusema petroli inakaribia kwisha. Gracieuse akachukua bidoni, dumu la petroli, na kusimamisha pikipiki ya abiria ili akanunue nyingine.

"Mama, angalia tu. Usiguse kitu, na mutu asiguse. Wakizima katikati, paketi itabakia nusu, na mashini inaweza kukataa kuamuka."

Nikakaa mbele ya kioo. Arobaini. Hamsini na tano. Nilikuwa nikitazama namba, kisha daftari, kisha namba tena, kama ninavyotazama kifua cha mtoto mwenye homa. Ilipofika sitini na nane ikasimama. Na daftari likanyamaza. Nilikunja mikono nisije nikagusa. Dakika ishirini nzima nilikaa hivyo, nikijisifu moyoni kwamba ninatii, na huku nje petroli inaungua.

Papa Laurent akaingia, akatazama saa ya ukutani, kisha kioo.

"Mama Gracieuse, hii imekufa. Tuzime, tuwashe. Hata redio yangu ninaifanyaga vile."

Kidole chake kilikuwa tayari kwenye kitufe. Nikasimama kati yake na mashini.

"Apana, papa. Haiyakufa."

"Weye njo fundi sasa?"

"Mi si fundi. Lakini ona, kale kadoti kanapepesa."

"Hata taa ya lori iliyoanguka inapepesa."

Ndipo nikafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo: nikasoma. Shule niliiacha darasa la sita, na Kifaransa changu ni cha kuokoteza, lakini mstari mmoja niliuelewa. *Que voulez-vous faire?*

"Papa, inatuuliza tunataka nini. Inangojea jibu."

Akainama, akasoma. Nikampigia Gracieuse.

"Nisomee yote, mama," akasema katikati ya kelele za pikipiki.

Nikasoma polepole, na Papa Laurent akinisahihisha matamshi kama mwalimu. Mashini ilikuwa imekuta faili lenye mipangilio ya zamani ya kituo, ikataka kujua ibaki nalo au iweke jipya.

"Mama! Tangu saa ngapi inauliza?"

"Tangu... kitambo."

"Na haukuniita? Ulingojea muchungaji aombee?" Akacheka, lakini niliisikia hofu. "Gusa N, ibakie na ya zamani, kisha ile kubwa ya kuingiza."

"Ulisema nisiguse."

"Sasa gusa!"

Nikagusa. Maneno yakakimbia tena. Sitini na tisa. Sabini na nne. Jenereta ikaanza kukohoa, taa ikafifia ikarudi. Kwenye themanini na nane pikipiki ikaingia uwanjani, na Gracieuse akaruka na bidoni kabla haijasimama vizuri. Alimimina petroli huku jenereta ikiunguruma, ingali moto. Nilifumba macho, maana hilo nalo si jambo la kufanya.

Saa sita kasoro dakika nane rejista ikafunguka. Gracieuse akaandika jina la mtoto wa kwanza, Abigaël, surua, dozi ya kwanza. Papa Laurent aliangalia jina likitokea, akalifuta kwa makusudi, akaliandika upya mwenyewe kwa kidole kimoja.

"Siku ya kwanza utakuya saa mbili kamili," akamwambia. "Kwa kazi, si kwa majaribio."

Kisha akanigeukia. "Na weye, mama, ubakie nyumbani."

Nilisema ndiyo, papa. Jumatatu hiyo nilimsindikiza mpaka kwenye geti tu.