Uma wa Baiskeli ya Nestori

Siku ile naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, na mama yenu akinisikia atanuna. Tulikuwa tumerudi Burundi kutoka kambi za wakimbizi Tanzania, amani bado changa, nami nachomelea vyuma kwa Mzee Swedi, fundi wa hapa Muyinga.

Akaja Nestori, jirani yangu wa tangu kambini. Uma wa mbele wa baiskeli yake ulikuwa na ufa, na ana mikungu ya ndizi ya kupeleka njia ya Gitega. Nikauchomelea kwa kipande cha springi ya gari. Kikiwa bado chekundu nikakimwagia maji, kipoe upesi. Chwaa! Nestori akaondoka akinisifu, nami, mjinga mimi, nikavimba kichwa.

Mzee Swedi aliporudi kutoka msikitini akaona maji chini. Nikamweleza. Akashika kichwa.

"Yoo! We umefanya nini? Ndani ya chuma iko atomi, vitu vidogo sana, vimejipanga mistari. Chuma ikiwaka, inasogea. Ikipoa polepole, inarudi pahali pake. We umeistua na maji, imekwama vibaya! Chuma hiyo sasa iko ngumu, lakini haipindi. Itakatika tu. Kimbia!"

Nikachukua nyundo, nikadandia baiskeli ya Mzee. Kila kona niliogopa kukuta ndizi zimetapakaa na watu wamezunguka. Ningemwambia nini mkewe? Na nikiri, mwanangu, nilitamani kugeuza. Pengine uma hautakatika, nilijiambia, utajiaibisha bure.

Nilimkuta juu ya mteremko mkali, anakaza kamba za mikungu.

"Usishuke, ndugu yangu. Nimekosea kazi."

Wabeba ndizi wenzake wakacheka. Nikamsaidia kushusha mzigo, nikaupiga uma nyundo moja tu. Ukakatika kama muhogo mkavu. Kicheko kikaisha. Nestori akakaa chini barabarani, akautazama ule mteremko.

Haraka haraka haina baraka, hilo umelisikia mpaka umechoka. Nami sitakulaumu ukikosea, maana hakuna fundi asiyeharibu. Ila ukishajua umeharibu, usingoje. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kwa kosa langu nusura kifo kimchukue mtu mwingine. Kimbia ukaseme, hata wakikucheka.

Mungu akupe mikono isiyo na pupa, mwanangu, na kila utakapokosea akufikishe kabla ya mteremko.