Ofisi ya Mama Iko Iowa

Naungama: mama yangu alinituma kwenye intaneti nimtafutie ofisi hapa Durban, nikampatia ya Iowa, Marekani. Mwenye nyumba alikuwa amempa hadi Jumapili aondoe sebuleni maboksi anayotuma Kongo, na mimi nilichagua tangazo la bei ndogo kuliko yote. Zile dola nilizisoma kama randi. Picha ilionyesha mlango wa kijani chini ya ghala refu la mahindi. Nikasema, eish, si hili la bandarini? Mama akamwandikia dalali, akajibiwa ofisi iko wazi.

Jumamosi saa nne asubuhi tulikuwa bandarini na mchungaji wetu. Mlango wa kijani tuliuona. Mchungaji akakemea mapepo yote, mama akaupaka mafuta ya upako, chupa nzima. Ndipo akampigia dalali aje na funguo. Sauti yenye usingizi ikajibu kwamba kule Iowa ni saa tisa usiku.

Mlango ukafunguka, mlinzi akatoka akifuta mafuta mikononi.

Mama, ambaye kwa desturi ya Kongo huniita mimi mwanawe Papa, akaniangalia. "Papa, mwambie huyu baba Mungu amemubariki, lakini mafuta yangu arudishe."