Mume Wangu Kamwaga Oili Kisimani, Eti Niteke Maji ya Chini

Admin, assalamu alaykum, nifichie jina. Mnisamehe nimekaa kimya tangu vuli mpaka leo. Mtoto ananyonya, nikishika simu usingizi unanishika mimi.

Nina miaka ishirini na nne, naishi Tingi, Kilwa, kwa wakwe. Mume wangu ni fundi magari, gereji yake iko hapa hapa uani. Oili chafu anaimwaga kwenye shimo karibu na kisima, na maji ya betri humo humo. Nikisema, bwana mkubwa ananijibu, "Inaua mbu hiyo. Unataka mwanao augue malaria?" Akachukua brashi, akapaka oili hiyo kwenye nguzo za kisima zisiliwe na mchwa. Majirani wakamsifu. Bingwa!

Mvua ziliponyesha shimo likafurika. Ndoo ikapanda inameta rangi rangi, inanuka gereji tupu. Nikamwita aone. Akacheka. "Mafuta yanaelea, mke wangu, na shule umesoma! Zamisha ndoo, teka ya chini."

Nikazamisha ndoo, nikateka ya chini, nikampikia chai, nikatia na iliki anavyopenda. Akapiga funda moja, akatema mpaka kwenye kanzu yake ya Ijumaa.

"Umeweka nini humu?"

"Maji ya chini, baba."

Mnadhani alifukia shimo? Siku hizi anakunywa maji ya chupa huko gerejini. Ya chini katuachia sisi. Mwanangu katoka vipele, namuogesha kwa maji ya kuomba kwa jirani. Nikanunua dumu lenye kifuniko ili aweke oili humo. Amelifanya kiti, analikalia akipiga soga.

Nimesema naenda kwa mtendaji wa kijiji. Mama mkwe kanishika mkono, "Mwanangu, utatuvua nguo." Mama huyu nampenda, alinilea uzazi wangu wote. Lakini nguo zenyewe nikizifua zinanuka oili, tuna nini cha kuvuliwa?

Pole sitaki, ninazo za kutosha. Nitumieni haya: anayejua wanaokusanya oili chafu, Lindi au hata Mingoyo, aniambie wanapatikanaje. Anayejua kisima kilichoingia oili kinasafishwa vipi, au ndiyo basi kifukiwe, aseme ukweli. Na dada aliyewahi kumshtaki mumewe kwa mtendaji, akarudi kuishi na wakwe wale wale, anitumie maneno aliyoanzia. Ya kuanzia tu. Mengine ninayo.