Kompyuta Isiyojua Chakacha

Juzi pale Ukunda nilikuwa ninasubiri barua yangu ipigwe chapa. Kando yangu fundi mwenye kompyuta alikuwa anawarekodi mke na mume kutoka Msambweni: mama mwimbaji wa chakacha, ile ya harusi za Pwani, mumewe mpiga ngoma. Walitaka kanda ya kupeleka hotelini Diani, wapate kazi.

"Mzee, wewe pumzika tu," fundi akasema kwa ukarimu. "Hii programu inabeba sauti mbili pekee, ya mama na ya drums zake yenyewe."

Mzee akapumzika, ngoma mapajani. Kompyuta ikapiga mdundo wake mmoja, kama gwaride la polisi, kwani haikufunzwa chakacha. Mama akaimba, akapotea. Akaanza tena, akapotea tena.

"Mama, fuata kompyuta!"

Mama akavua hedifoni taratibu. "Niifuate wapi, mwanangu? Imewahi kualikwa harusi gani?" Akamgeukia mumewe. "Bwana, inuka. Twende tukawaimbie wenye hoteli wenyewe."

Walipotoka, fundi akanitazama kwa masikitiko. "Watu wa hapa hawataki maendeleo."

Nikaitikia kwa kichwa, maana barua yangu ilikuwa bado mikononi mwake. Nasikia hoteli imewachukua wote wawili. Maskini, wamekosa maendeleo, wakaambulia kazi.