Mnunuzi alikuja kuona nyumba yetu Nyamirambo, akakuta msiba

Wakuu, amani kwenu wote.

Humu mimi ni wa kusoma na kupita. Ila juzi kuna jamaa aliuliza kama auze nyumba ya wazazi, na majibu aliyopewa yakanifanya nifungue uzi wangu mwenyewe. Haya yametokea kwetu. Majina nimebadilisha, mengine yote ni kama yalivyokuwa.

Mimi ni mwanamke, mwalimu wa sekondari hapa Kigali. Marehemu baba alikuwa dereva wa malori, mtu wa Ujiji, ndiyo maana kwetu Kiswahili kilikuwa cha nyumbani wakati wenzetu wengi hapa wanakijua cha sokoni. Alijenga Nyamirambo kabla sijazaliwa. Tofali za udongo zilizopigwa sementi, vyumba vinne, ua mkubwa nyuma, na mabati ambayo mvua ikinyesha hamsikilizani.

Tuko wawili tu, mimi na kaka yangu mkubwa. Nimwite Hamisi.

Sasa niwaeleze mtaa wenyewe. Majirani wengi ni wapangaji wa chumba kimoja kimoja. Ukiwa na harusi, au ukifiwa, chumba kimoja kitakutosha wapi? Kwa hiyo watu wanakuja kwetu. Masufuria makubwa ya mtaa yako stoo yetu. Mabenchi pia. Na mama yangu ndiye anayeosha maiti za wanawake wa Kiislamu pale mtaani, kazi aliyoanza mimi nikiwa bado sijui kusoma.

Nisiwe mnafiki, mimi niliona kero. Jaribuni kujisomea mtihani wa taifa huku kina mama ishirini wanakata vitunguu dirishani kwenu.

Hamisi alipomaliza kujenga nyumba yake Kinyinya, upande mwingine wa jiji, akaja na wazo. Mama ahamie kwake, nyumba ya Nyamirambo iuzwe. Mnunuzi alikuwepo tayari, mfanyabiashara mmoja aliyekulia Uganda, mtu wa heshima kabisa. Alitaka kubomoa ajenge apatimenti. Hati ya kiwanja ina majina matatu: mama, Hamisi na mimi. Wote watatu lazima tusaini.

Mimi nilikubali siku hiyo hiyo. Tena nilikuwa mbele kuliko Hamisi.

Tukamkalisha mama sebuleni tukamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, wanangu."

Tukachukua hilo kuwa ndilo jibu. Wakuu, wengi wetu hatujui tofauti ya mama aliyekubali na mama aliyechoka kubishana.

Akahamia Kinyinya. Chumba kizuri, bafu lake mwenyewe, vigae vinavyong'aa. Hamisi hakumnyima kitu, hilo naliapia.

Lakini mama hajui kupika chakula cha watu wanne. Anapika sufuria la watu kumi na tano, halafu mlinzi wa geti anakula ubwabwa siku tatu. Asubuhi anavaa vizuri kama anayetoka, anakaa kwenye kiti karibu na geti. Kule kila mtu anapita ndani ya gari na vioo vimepandishwa. Siku moja nilimkuta anamsalimia fundi aliyekuwa anapaka rangi nyumba ya jirani, anamuuliza habari za mke wake, na watoto, na wazazi wake huko Huye. Fundi wa watu kashika brashi, anajibu moja moja.

Nikaona. Nikanyamaza. Dili lilikuwa linaelekea mwisho.

Jumamosi moja mnunuzi akaomba kuja na fundi wake kupima kiwanja. Hamisi ni mkandarasi, siku hiyo alikuwa saiti, mimi ndiye nikaenda na funguo. Saa tatu asubuhi tunaanza kupima uani, nasikia geti linagongwa. Ni wanawake wanne wa mtaani, macho mekundu.

"Mwajuma ametutoka alfajiri," mmoja akaniambia.

Mwajuma alikuwa muuza sambusa pale juu barabarani. Mpangaji wa chumba kimoja, ndugu zake wote wako Bujumbura. Kwetu sisi Waislamu maiti hailali, ilitakiwa azikwe siku hiyo hiyo. Na chumba chake, ukiweka kitanda, mlango haufunguki vizuri.

Mnunuzi amesimama na futi kamba mkononi.

Kabla sijafungua mdomo, pikipiki ikasimama getini. Abiria akashuka, akavua helmeti, na chini ya helmeti kuna mtandio.

Mama yangu. Miaka karibu sabini. Kutoka Kinyinya mpaka Nyamirambo kwa moto, ndivyo tunavyoita bodaboda hapa! Walimpigia simu, naye hakumuaga mtu.

Hata hakuuliza yule mgeni ni nani. "Asha," akaniambia, "fungua stoo. Mabenchi yatoke nje. Wewe na wewe, chemsheni maji. Mwajuma mleteni chumba cha nyuma."

Nikafungua stoo, wakuu. Ningefanya nini?

Mnunuzi akanisogelea taratibu. "Sorry madam, hii nyumba iko na watu? Hawa wote ni family?"

"Ni majirani," nikamwambia.

"Na wanajua kama inauzwa?"

Nikampigia Hamisi.

Alifika amekasirika, viatu vya saiti miguuni. Ua ulikuwa umeshajaa, Waislamu kwa Wakristo, wanawake ndani, wanaume nje. Mama akatoka chumba cha nyuma mikono ina maji bado.

"Mama, moto? Umri huu? Na leo ndiyo siku ya mnunuzi!"

"Namuona," mama akasema.

"Si tulikubaliana?"

"Mliniambia nihame, nikahama. Hamkuniambia niache kazi." Akajifuta mikono kwa kanga. "Na wewe Hamisi, hukuniuliza. Ulinieleza. Sasa ukiniuliza nitakujibu."

Hamisi hakuuliza. Ua mzima, kila mtu anajifanya anaangalia chini.

Nikamuuliza mimi. "Mama, unataka tuuze?"

"Hapana."

Neno moja tu. Miezi yote ile ya vikao, hakuna aliyemuuliza swali hilo.

Nikamgeukia mnunuzi nikamwambia mimi sisaini, na mama hasaini, anisamehe kwa usumbufu. Hakufurahi. Akasema tumempotezea muda, na ni kweli tulimpotezea. Lakini alipofika getini akarudi, akampa mama pole kwa mikono miwili, ndipo akaondoka.

Hamisi hakunitazama. Ila wanaume wa kubeba jeneza walikuwa wachache, vijana wengi wako kazini Jumamosi. Mzee mmoja akamwita, "Hamisi, njoo bega hili." Akaenda. Alirudi saa kumi, udongo mpaka magotini, akanywa chai amesimama, akaingia kwenye gari bila kuaga.

Mwezi mzima hakupokea simu zangu. Iliniuma, siwafichi. Ndiye ndugu yangu pekee.

Halafu asubuhi moja nikiwa Nyamirambo na mama, ambaye hakurudi tena Kinyinya, nikasikia vishindo juu ya paa. Mafundi watatu kutoka saiti yake wanang'oa mabati ya zamani. Nikauliza nani kawatuma. "Boss amesema paa linavuja," wakajibu. Hakuwahi kuniambia amekubali. Alituma mabati.

Leo mimi nimehama kwangu Kicukiro na wanangu wawili, tunaishi na mama Nyamirambo. Gharama zake zipo: kila asubuhi nabadilisha basi mara mbili kufika shuleni, na faragha usiitafute, utachoka. Ningerudishwa siku ile ningefanya vile vile, tena ningefanya mapema.

Somo langu si kwamba msiuze. Kuna nyumba za kuuzwa, na kuna wazazi wanaotamani vigae na utulivu. Ila kabla ya kuita mnunuzi, nenda ukae pale siku nzima, geti wazi, uone nani anaingia na anafuata nini. Na mzazi muulize akiwa peke yake, usimfanyie kikao. Kwenye kikao atawajibu ili mfurahi.

Karibuni mchangie. Waliouza msiogope, simshambulii mtu. Nataka kujua tu: baada ya kuuza, mama yenu alisemaje? Au bado hamjamuuliza?