Shikamoo niliyochelewa kuitoa kwenye maji moto

Leo nimemfokea mtu nisiyepaswa hata kumkazia macho.

Tuko hifadhini, kule Kisaki, kwenye maji moto. Mke wangu kaenda getini kumpokea mama yake.

Ndani ya mvuke nikaona mama mmoja kasimama juu ya yale mawe meupe yaliyojengwa na chumvi ya maji. Kibao kinasema usikanyage.

Nikajifanya askari wa hifadhi. "We mama! Huoni kibao? Shuka hapo!"

Mvuke ukapungua.

Mama mkwe.

Kumbe kapishana na mke wangu njiani. Yuko peku, viatu mkononi, anaokota mfuko wa karanga nilioutupa mimi mwenyewe.

Akanikabidhi mfuko wangu, taratibu kabisa: "Marahaba, mkwe wangu."

Jamani, wenye wakwe, shikamoo iliyochelewa namna hii inatolewaje?